Ruhusa ya Bwana Staveley

Kijijini Thrunby nilikuja kutengeneza ukuta wa mawe wa mkulima mmoja, kazi ya wiki mbili. Sasa nina miaka ishirini hapa, na ukuta wenyewe umeshaanguka mara mbili. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye meli za makaa, nikafunga na kufungua mahema ya maonyesho kutoka mji hadi mji, nikachimba mitaro Uholanzi, nikapika uji kwenye kambi ya wakata miti. Shule nilisoma vipande vipande, mwaka huku, miezi mitatu kule, na mahali pengine nilifukuzwa kabla sijajua jina la mwalimu. Sikuwahi kukaa mahali mpaka mbwa wa jirani akaacha kunibwekea, isipokuwa hapa.

Kilichonishika ni Hagg. Ni msitu wa ekari ishirini na tatu, miti ya mwaloni juu na vichaka vya hazeli chini yake, unaoteremka kutoka nyuma ya kanisa mpaka kijitoni. Mtu mwenye haraka anaupita kwa dakika kumi na mbili. Lakini Aprili ardhi yote mle inakuwa ya buluu kwa maua, na harufu yake inafika mpaka kituo cha basi, na watu wanaosubiri basi wanaacha kusema kuhusu magoti yao.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa tunakutana langoni, watu saba au wanane, wote tumeshastaafu, tukiwa na misumeno ya mkono na mapanga mafupi yenye ncha iliyopinda. Tunajiita Marafiki wa Hagg. Kazi yetu kubwa ni hazeli. Hazeli haifi ukiikata. Ukiikata karibu kabisa na ardhi, mwaka unaofuata inatoa fimbo kumi na tano mahali pa tatu, na mwanga unaingia chini, na maua yanapata nafasi. Kila mwaka tunakata kipande kimoja cha msitu, tunaacha vingine sita vipumzike, na mwaka wa nane tunarudi pale tulipoanzia. Matawi tunayafuma kuwa uzio, yanayobaki tunayachoma, na saa tano na nusu tunakunywa chai.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa Clive Ormerod, aliyeendesha basi miaka thelathini na moja na ambaye bado anatoa amri kama mtu anayetaka abiria wasogee nyuma. Mambo ya karatasi yalikuwa ya Nasreen Bhatti, mfamasia mstaafu, mtu ambaye hata chupa yake ya chai ina lebo. Na katibu wetu alikuwa Bi Enid Lofthouse. Ana miaka themanini na moja. Alifundisha shule ya msingi ya Thrunby miaka thelathini na minne, na mpaka leo wanaume wenye wajukuu wakimwona wanatoa mikono mifukoni.

Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, kibao kilipigiliwa langoni: nyumba arobaini na mbili, barabara, na mahali pa kuegesha magari. Mwenye msitu ilikuwa kampuni moja ya ujenzi iliyoununua kutoka kwa kampuni nyingine ambayo hakuna aliyeijua. Sisi tulijua jambo moja tu, kwamba Hagg ulikuwa wa Bwana Aubrey Staveley wa jumba kubwa kule juu, kama ulivyokuwa wa baba yake na babu yake. Kwa hiyo tukaelewa kwamba aliuuza kimyakimya, kwa karatasi, kama matajiri wanavyofanya. Hakuna aliyemwuliza. Thrunby humwulizi mtu ameuza nini. Wala hatukumtukana. Huku hatutukani mtu. Tuliacha tu kuzungumza naye kuhusu hali ya hewa, na yeye akajua.

Nasreen ndiye aliyepata njia. Alitukalisha ukumbini akatusomea. Kuna sheria ya zamani kwamba, kama watu wa mahali wametumia kipande cha ardhi kwa michezo na mapumziko yao miaka ishirini mfululizo, wanaweza kuomba kiandikishwe kuwa uwanja wa kijiji, na kikishaandikishwa hakuna anayeweza kujenga hapo tena. Masharti ni matatu. Wawe wametumia bila nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa ya mwenyewe.

"Bila ruhusa?" Clive akauliza. "Si kwa ruhusa?"

"Bila. Mwenye ardhi akikupa ruhusa, wewe ni mgeni wake. Mgeni hana haki. Lakini ukiingia mchana kweupe miaka ishirini na yeye akanyamaza, basi ni kama amekubali kwamba ni haki yako."

"Kwa hiyo sheria ya nchi hii inamtaka mtu asiye na adabu."

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Basi tumeshinda," Clive akasema. "Mtazameni Denzil."

Denzil ni mimi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hakuna aliyemtazama Bi Enid.

Miezi kumi na minne Nasreen alikusanya ushahidi. Watu sitini na wanne walijaza fomu. Zikapatikana picha za watoto wakishindana kubingirisha mayai ya kuchemsha ya Pasaka kwenye mteremko wa Hagg, hao watoto wengine sasa wana upara. Mwishoni halmashauri ikamteua mchunguzi, mwanasheria kutoka mbali, aje ukumbini kwetu asikilize pande zote mbili.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kikao hicho, mwezi wa Novemba, tulikuwa kwenye kipande cha chini karibu na kijito. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha ila miti ilikuwa haijapata habari. Clive aliita chai. Alikuwa ameleta keki ya tangawizi na shayiri aliyopika mke wake, na Bi Enid akasema hana njaa. Nimemwona mwanamke yule akila keki hiyo akiwa na homa ya mafua. Nikajua kuna jambo.

"Denzil, mpenzi," akaniambia, "njoo unisaidie kuutazama moto."

Huku kila mtu ni mpenzi, hata anayekuuzia misumari, kwa hiyo sikuwaza lolote. Nikamfuata mpaka kwenye moto wa matawi. Alikuwa na mfuko wake wa turubai begani. Akatazama nyuma kuona wenzetu wako mbali.

"Umewahi kukamatwa?"

"Mara mbili. Mara moja kwa haki."

"Basi wewe ndiye wa kuuliza."

Akatoa kopo la biskuti, la zamani, lenye picha ya farasi iliyofutika. Akafungua kifuniko akanipa barua ya juu. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa ubaoni. Alikuwa anaweka nakala ya kila barua aliyoandika, na nyuma ya kila nakala ameambatisha jibu.

Mpendwa Bwana Staveley, ilisema, Pasaka inakaribia tena. Tunaomba ruhusa yako watoto wabingirishe mayai kwenye mteremko wa Hagg kama kawaida, na sisi tuendelee na hazeli siku za Alhamisi. Pamoja na barua hii nimeweka chupa ya jamu ya plamu.

Na jibu, kwa wino mweusi: Mpendwa Bi Lofthouse, kwa furaha. Jamu ya mwaka jana iliniishia Oktoba. Wako, A. Staveley.

"Ziko ngapi?"

"Ishirini na tatu. Moja kila Pasaka."

Nikahesabu kichwani, polepole, maana hesabu nilijifunza kwa karata. Ishirini na tatu inaimeza ishirini na inabakisha tatu.

"Nani alikuambia uombe?"

"Nani angeniambia? Mtu haingii kwenye mali ya watu bila kuomba. Niliwafundisha watoto wa kijiji hiki hivyo maisha yangu yote." Akafunga kifuniko. "Siku ile Nasreen aliposoma lile sharti la tatu, nilidhani nimekosea kusikia. Nikaenda nyumbani nikasoma mwenyewe. Nikasoma tena. Adabu yangu ndiyo itakayoukata huu msitu, Denzil. Si mashine yao. Mimi."

Moto ulikuwa mzuri, umeshika mpaka ndani. Nilitazama kopo, nikatazama moto. Uso wangu haujasoma shule ya kuficha mambo.

"Hapana," akasema.

"Karatasi tu hizo, Bi Enid."

"Nimeufikiria moto huu tangu mwaka jana. Kila Alhamisi nakuja na kopo hili, kila Alhamisi narudi nalo."

"Hawatakuuliza."

"Watauliza. Mimi ningekuwa mahali pao, hilo ndilo ningeuliza kwanza. Na mimi nimetia sahihi kwamba nitasema kweli."

"Basi mwambie Nasreen."

"Nasreen akijua, na yeye atalazimika kuchagua aseme au anyamaze. Ameupa msitu huu miezi kumi na minne. Mwache alale wiki hii." Akanishika mkono kwa glavu yake yenye tope. "Nimekuambia wewe kwa sababu sikuweza kulibeba peke yangu. Na kwa sababu wewe hushangai."

Nilishangaa, lakini sikumwambia. Clive akaita kutoka kwenye chai, "Nyinyi vijana wawili mnachoma moto au mnachumbiana?" Bi Enid akajibu kwamba angechumbiwa angechagua mwanaume anayeoga, na tukarudi kazini.

Kikao kilianza Jumanne saa nne asubuhi. Ukumbi wetu una harufu ya chai iliyochemka sana na viatu vya watu wanaocheza badminton Jumatatu. Viti vyote vilijaa, wengine walisimama ukutani. Mchunguzi alikuwa Bi Tarrant, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Upande wa kampuni kulikuwa na wakili kijana, nadhifu, ambaye asubuhi hiyo alipelekwa kuuona msitu akiwa na viatu vya ofisini. Clive ndiye aliyempitisha njia ya kijitoni. Alisema ndiyo njia yenye mandhari.

Bwana Staveley alikuja pia. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mrefu, mwembamba, koti lake limetiwa viraka kwenye viwiko. Kulikuwa na kiti kitupu kila upande wake. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wanasimama, lakini vile viti viwili havikukaliwa.

Mimi niliitwa wa tatu. Nilieleza kuhusu hazeli, mayai, watu wanaotembea na mbwa, wapenzi wa kweli wanaojificha penye mialoni na kudhani hatuwaoni. Wakili akasimama.

"Bwana Roskilly, umeishi Thrunby miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Si ishirini."

"Mei ijayo itakuwa ishirini."

"Kwa hiyo huwezi kutuambia lolote kuhusu miaka ishirini."

Nimeondoka mahali pengi mapema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipojuta kuchelewa kufika. Bi Tarrant aliandika kitu, akasema atachukua ile kumi na tisa na ananishukuru. Clive kutoka kiti chake akanong'ona kwa sauti ya dereva wa basi, "Hata hilo ameshindwa." Watu wakacheka, hata wakili.

Kisha akaitwa Bi Enid. Alikwenda mbele na mfuko wake wa turubai, akakaa wima kama aliye darasani. Nasreen alimwuliza maswali yake, na Bi Enid akajibu yote vizuri: tarehe, majina, mwaka wa theluji ambapo mayai yalizama na yakapatikana Mei. Nasreen akakaa, akifurahi, akamkabidhi kwa wakili. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

"Bi Lofthouse," wakili akasema kwa upole, "katika miaka hiyo yote, kuna mtu aliwahi kuwapa ruhusa?"

Kwenye ukumbi ule kuna saa ya ukutani ambayo husimama mwaka mzima na siku hiyo ilikuwa inatembea.

"Ndiyo," akasema Bi Enid. "Kila mwaka. Niliomba mwenyewe, kwa maandishi."

Akafungua mfuko akaliweka kopo mezani. Nilimwona Nasreen akigeuza kichwa polepole, kama mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili. Clive akasema, chini sana, "Enid, mpenzi, umefanya nini." Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ambayo mtu anazungumza nayo na farasi aliyevunjika mguu.

Bi Tarrant alishusha miwani ya kichwani, akapandisha ya machoni, akasoma. Alisoma barua ya kwanza, ya pili, akaruka akasoma ya mwisho. Mahali fulani mdomo wake ulicheza, nadhani ni pale kwenye jamu ya Oktoba. Wakili alikuwa amesimama na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani. Halafu akainama kwenye karatasi zake kutafuta jambo, na nilipomtazama tena, ile furaha ilikuwa imeanza kumtoka.

"A. Staveley ni nani?" Bi Tarrant akauliza.

"Bwana Aubrey Staveley wa jumba la juu," Bi Enid akasema. "Mwenye msitu. Wa wakati ule."

Mchunguzi akamgeukia wakili. "Mteja wako aliununua msitu kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa kampuni ya machimbo ya mawe, mama."

"Na kampuni ya machimbo iliupata lini?"

Wakili alijua jibu. Alifunua kurasa tatu hivi kabla ya kulitoa. "Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja."

"Kutoka kwa?"

"Familia ya Staveley."

Ilichukua muda mfupi kuingia vichwani. Ilimwingia Nasreen kwanza. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusogea. Baadaye aliniambia alikuwa anahesabu, kutoka thelathini na moja mpaka leo, ili tu ahakikishe.

"Kwa hiyo," Bi Tarrant akasema, "barua hizi zote ishirini na tatu ni ruhusa ya mtu ambaye hakuwa na ardhi ya kutolea ruhusa. Kampuni ya machimbo iliwahi kumpa Bwana Staveley mamlaka ya kusema kwa niaba yake?"

"Sina hati yoyote inayosema hivyo, mama. Ila wananchi wenyewe waliamini wana ruhusa."

"Niandikie hoja hiyo nitaisoma. Lakini unajua kama ninavyojua kwamba sheria inatazama mwenye ardhi alifanya nini, si watu waliwaza nini."

Hapo ndipo kiti kiliposogea nyuma. Bwana Staveley alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Naomba ruhusa niseme neno," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Hata yeye, baada ya kusikia alichosema, masikio yakamwiva. Bi Tarrant akamwambia aje mbele. Akaja, akasimama karibu na meza, hakumtazama Bi Enid.

"Babu yangu aliuza Hagg kabla sijazaliwa," akasema. "Nimejua tangu nina suruali fupi. Barua ya kwanza ilipokuja nilikusudia kumjibu Bi Lofthouse kwamba msitu si wangu. Lakini jamu ilikuja pamoja na barua, na kabla sijakaa kuandika nilikuwa nimeshaila."

"Yote?" Bi Tarrant akauliza.

"Karibu. Nikaona si uungwana kula jamu ya mtu halafu kumwambia haikuwa haki yangu. Nikaandika kwa furaha. Nilisema mwaka unaofuata nitamweleza. Mwaka unaofuata ningelazimika kueleza kwa nini sikueleza mwaka uliopita. Na kadiri miaka ilivyokwenda..." Akageuza kofia. "Isitoshe, ndiyo barua pekee niliyokuwa nikipata iliyoandikwa kwa mkono."

"Na kibao cha nyumba kilipowekwa? Hukuona sababu ya kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, mama. Nilidhani wanajua. Nilidhani wamenikasirikia kwa sababu ya jamu."

Nilitazama kushoto na kulia. Watu wa Thrunby walikuwa wanakagua viatu vyao, mstari mzima. Miezi kumi na minne tulikuwa tumemnyima hata neno la mvua, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka barabara kumwuliza swali la maneno matatu.

Bi Enid, ambaye kwa utaratibu hakupaswa kusema, akasema.

"Bwana Staveley. Miaka ishirini na tatu umeniacha niombe ruhusa kwa mtu asiye na chochote?"

"Ndiyo, Bi Lofthouse. Nasikitika sana."

"Ungekuwa darasani kwangu ungesimama pembeni mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

"Ningesimama."

"Shahidi, tafadhali," Bi Tarrant akasema, lakini alikuwa ameinama akiandika na hakuinua uso kwa muda mrefu.

Kikao kiliendelea siku mbili zaidi na kilikuwa cha kuchosha, ramani na mipaka na nani alimwona nani na mbwa gani. Ila kuanzia mchana ule, vile viti viwili pembeni ya Bwana Staveley vilikaliwa. Upande mmoja alikaa Nasreen, kwa sababu, alisema, anataka kumtazama kwa karibu mtu aliyekaribia kuiangusha kazi yake bila mwenyewe kujua. Upande wa pili alikaa Clive, akamweleza kuhusu hali ya hewa kuanzia Septemba ya mwaka juzi, mwezi baada ya mwezi, ili asipungukiwe.

Uamuzi ulifika Februari. Nasreen alikuja nao msituni Alhamisi, akapanda juu ya kisiki akasoma. Ulikuwa na kurasa sabini na sita na alikusudia kuzisoma zote.

"Nasreen, mpenzi," Clive akasema kwenye ukurasa wa tatu, "miguu yangu imeganda. Kwa kifupi?"

Akaruka mpaka mwisho. "Kwa kifupi, Hagg umeandikishwa kuwa uwanja wa kijiji. Tumekuwa wavamizi wa wazi na wa amani kwa zaidi ya miaka ishirini."

"Wote?"

"Wote. Hata Enid."

Bi Enid alikuwa anakata fimbo ya hazeli. Alimaliza kuikata kwanza. Halafu akakaa kwenye gogo, akavua glavu, akaomba keki. Alikula vipande vitatu, na sisi tukajifanya hatuhesabu. Kampuni, ilipoona haiwezi kujenga hata choo pale, iliukabidhi msitu kwa baraza la kijiji, na baraza likatuambia tuendelee kama zamani, maana halikujua tulikuwa tunafanya nini na halikutaka kuuliza.

Mwanzoni mwa Aprili maua yalikuwa yameanza kutoka, bado ya kijani na rangi kidogo pembeni. Bi Enid alikuja na barua. Mwandiko mweusi. Alitusomea wakati wa chai.

"Mpendwa Bi Lofthouse," akasoma. "Mwaka huu sijapata barua yako, na ninaelewa sababu. Naandika kuomba ruhusa nije Hagg siku za Alhamisi, nisaidie kazi kadiri umri unavyoniruhusu. Pamoja na barua hii kuna chupa ya peasi za bustani yangu, ambazo naweza kuthibitisha kwamba ni zangu. Wako, A. Staveley."

"Umemjibu?" nikauliza.

"Nimemwandikia: kwa furaha. Na aje na gambuti zake mwenyewe."

Alikuja Alhamisi iliyofuata na gambuti za baba yake, zinazomzidi namba mbili. Clive akanipa mimi kazi ya kumfundisha. Mzee huyu amezaliwa mita mia sita kutoka pale na hakuwahi kushika panga la hazeli, maana alidhani angeonekana anaingilia mali ya watu. Nilimwonyesha: shika fimbo kwa mkono wa kushoto, kata chini, kwa mshazari, maji ya mvua yasitulie kwenye kisiki. Akakata. Akakata juu sana, kwenye goti.

"Kijana," Clive akamwita kutoka mbali, "hiyo ni meza ya chai au ni hazeli?" Bwana Staveley ana miaka sabini na nane. Nadhani hakuna aliyemwita kijana tangu jeshini. Alisimama hapo na panga akitabasamu kama aliyepewa nishani.

Kwenye siku ya mayai alileta yai lake mwenyewe, amelichemsha kwa maganda ya vitunguu mpaka likawa na rangi ya viatu vipya. Lilibingirika vizuri, likawapita watoto wote, likaingia kijitoni, na Bi Enid akasema hiyo si kushinda.

Mei nilitimiza ishirini. Clive alinikumbusha langoni kwamba sasa naweza kuondoka, ushahidi wangu umekamilika. Nilimwambia nitaondoka nikishaona kile kipande cha kijitoni kimefikia kukatwa tena. Akahesabu kwa vidole, akasema hiyo ni miaka saba. Nikamwambia najua.

Bwana Staveley bado anakata juu. Alhamisi iliyopita Bi Enid alisimama nyuma yake, amejiegemeza kwenye fimbo yake, akamwonyesha kwa ncha ya kiatu mahali pa kukata.

"Hapa?" mzee akauliza. "Naweza?"

"Kata tu, Bwana Staveley," akamwambia. "Huku hatuombi."

Akainama, akasema samahani kwa mti, akakata.